Je, wajua mwanasayansi na mhandisi hutengana wapi?

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, katika nyumba nyingi za Arusha na Moshi huzuka mjadala uleule: mtoto amefaulu fizikia, kemia na hisabati, sasa aelekezwe kwenye sayansi au kwenye uhandisi? Wazazi wengi hulijibu swali hili kwa kupima mshahara, na wengine huamini kwamba mhandisi ni mwanasayansi aliyevaa kofia ngumu na kupewa gari la mradi. Majibu yote mawili yanapotosha, kwa sababu fani hizi husoma vitabu vinavyokaribiana sana lakini huachana pale linapokuja swali ambalo kila mmoja hulazimika kulijibu. Mfano ulio wazi kuliko yote tunao hapa hapa, kwenye maji tunayokunywa.

Mama mmoja wa Usa River aliwahi kunikaribisha maji kwa maneno haya: “Kunywa bila wasiwasi, mwanangu, nimeyachemsha mara mbili kwa ajili ya ile floraidi.” Nilikunywa, kwa heshima. Lakini kuchemsha huua vijidudu tu. Floraidi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, haipandi na mvuke, inabaki sufuriani, kwa hiyo lita 10 zenye miligramu 3 za floraidi kwa kila lita zikichemka hadi zikabaki lita 8, kila lita sasa ina miligramu 3.75. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Meno ya rangi ya kahawia ambayo watu wa mikoa mingine hututambulia ni alama ya floraidi iliyoingia mwilini utotoni, wakati meno yanajengeka bado yamo ndani ya ufizi, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi hata mifupa huathirika.

Mwanasayansi akisimama mbele ya maji hayo, swali lake ni kwa nini yako hivyo. Kwa nini mto Ngare Nanyuki, unaoshuka kutoka mlima Meru, umepimwa ukakutwa na zaidi ya miligramu 20 kwa lita, ilhali chemchemi nyingi za upande wa Moshi hazina tatizo la ukubwa huo? Jibu limo ndani ya mawe. Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi na sodiamu kwa wingi, na maji yanayopita humo hutoka na hali ya magadi huku yakiwa na kalisi (kalsiamu) kidogo. Kalisi ndiyo ambayo ingeikamata floraidi, ikaungana nayo kuwa madini magumu na kutuama. Inapokosekana, floraidi hubaki imeyeyuka ndani ya maji mpaka ifike kwenye kikombe. Kulijua hilo kumechukua miaka ya kuchukua sampuli, kupima na kubishana, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyepata tone moja la maji safi kutokana na maarifa hayo peke yake. Mwanasayansi haoni aibu katika hilo, wala hapaswi kuona.

Swali la sayansi, kwa kweli, halihitaji mteja. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, aliweka maziwa ya kutengenezea aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, akaona yameganda kabla ya yale ya wenzake yaliyopoa. Walimu walimcheka. Aliendelea kuuliza, na mwaka 1969, alipokuwa akisoma Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, juu kidogo ya mji wa Moshi, matokeo yake yalichapishwa pamoja na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Dar es Salaam, katika jarida la kitaalamu la Uingereza. Mpaka leo watafiti hawajakubaliana juu ya kiini cha jambo hilo. Mwenye kiwanda cha aiskrimu angemwajiri mhandisi, na mhandisi angetaka kujua kama kuingiza maziwa ya moto kunapandisha bili ya umeme, kisha angeendelea na kazi nyingine.

Turudi kwenye maji. Mhandisi huchukua hali ya Meru kama alivyoikuta na kuuliza: familia hii itapataje lita 20 za kunywa na kupikia kila siku, kwa fedha iliyonayo, na kifaa kikiharibika nani atakitengeneza? Njia mojawapo ambayo imefanyiwa kazi kwa muda mrefu katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng’ombe huchomwa kwenye tanuru lisiloingiza hewa nyingi, joto likiwa kati ya nyuzi 400 na 600 hivi, kisha hupondwapondwa na kupangwa ndani ya chombo ambamo maji hupita taratibu. Floraidi hung’ang’ania kwenye chembechembe za mfupa na maji hutoka yakiwa yamepungukiwa nayo.

Kwa maandishi ni kazi nyepesi. Kwenye tanuru, rangi ndiyo inayosema. Mfupa usioiva vizuri huacha mabaki ya mafuta na nyama, na maji hutoka yana harufu ambayo hakuna mtoto atakayeikubali. Mfupa uliozidishiwa moto huwa mweupe, unapendeza kwa macho, lakini uwezo wake wa kunasa floraidi umeshapungua. Unaotakiwa ni mweusi. Halafu yanakuja maswali ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kemia: wapo watakaotaka kujua ni mifupa ya mnyama gani kabla ya kugusa kikombe, na kwa kuwa floraidi haina ladha, mwenye nyumba hawezi kujua kwa ulimi kwamba mkaa umechoka na unahitaji kubadilishwa. Mhandisi asipopata majibu ya hayo, chombo chake kitaishia kuwa pipa la kuhifadhia mahindi.

Wapo wanaovuka mpaka huu. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia na mhadhiri katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Tengeru, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo sana zinazoteuliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kupata tuzo ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika inayotolewa na taasisi ya kifalme ya uhandisi ya Uingereza. Kuteua chembe ni sayansi. Kuhakikisha chujio linauzika na linadumu jikoni ni uhandisi.

Kwa upande wa ajira, tofauti kubwa ni uwajibikaji kuliko mshahara. Shahada ya uhandisi nchini ni ya miaka minne, ya sayansi kwa kawaida mitatu. Mhandisi akishahitimu huandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hufanya kazi chini ya usimamizi kwa takriban miaka mitatu, na ndipo huomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu, ambaye sahihi yake kwenye mchoro inaweza kumfikisha mahakamani daraja likianguka. Wanasayansi hawana bodi moja inayowakusanya wote, na ngazi yao hupanda kwa shahada ya uzamili, uzamivu na machapisho. Watu husahau pia kundi la tatu, mafundi sanifu, ambao Chuo cha Ufundi Arusha kimekuwa kikiwaandaa tangu mwaka 1978. Kwa maoni yangu hao ndio wanaokosekana zaidi katika miradi ya maji vijijini, ingawa si wazazi wengi wanaotaja neno hilo mbele ya wageni.

Kijana ambaye bado hajaamua anaweza kusoma tahasusi ya fizikia, kemia na hisabati bila kujifungia mlango wowote. Mlango hujifunga chuo kikuu. Aliyesoma uhandisi akitaka baadaye kuwa mtafiti atapokelewa bila shida kubwa, lakini aliyesoma shahada ya kwanza ya fizikia au kemia akitaka kusajiliwa kuwa mhandisi atakuta njia ni nyembamba, kwa sababu bodi huanza kwa kutazama shahada ile ya kwanza. Hilo ndilo la kuulizia kabla ya kujaza fomu ya maombi.