Sinteringi ya keramiki za risasi: unga unavyogeuka kuwa chembe zilizoshikana

Fungua buza (kifaa kidogo cha kutoa mlio) iliyoharibika kwa fundi yeyote wa redio hapa Lubumbashi. Utakuta kisahani chembamba cha shaba ya manjano, na juu yake duara dogo lililopakwa fedha. Chini ya fedha hiyo, mara nyingi kuna PZT, keramiki ya oksidi za metali tatu: risasi, zirkoni na titani. Ukiipa umeme inajikunja, na ndipo sauti inatoka.

Mji huu umezoea moto wa kuyeyusha: shaba inaachwa mpaka itiririke. Sinteringi, njia ya kutengeneza keramiki hiyo, si hivyo. Unga ulioshindiliwa unachomwa, kwa kawaida kwenye nyuzi 1200 hadi 1300 za Selsiasi, na PZT yenyewe haiyeyuki. Atomi zinahama taratibu. Pale punje mbili zinapogusana panaota shingo, shingo inanenepa, vitundu vya hewa vinasinyaa. Kipande kinapungua ukubwa na kuwa kizito kwa ujazo wake. Baadaye chembe kubwa zinaanza kumeza ndogo. Mpangilio huo wa chembe, mipaka yake na vitundu vilivyobaki ndio muundo-ndani, na huonekana kwa hadubini.

Kinachosumbua ni risasi. Oksidi yake huyeyuka karibu na nyuzi 888, na kwenye joto la sinteringi inapaa kama mvuke, ikianzia kwenye ngozi ya kipande. Ikitoroka nyingi, zirkoni inabaki bila mwenzake na mwitikio wa kipande kwa umeme unadhoofika. Kwa hiyo watengenezaji huongeza oksidi ya risasi kidogo kupita kipimo, hufunika chungu cha alumina (oksidi ya alumini), na humo ndani huweka unga wenye risasi ili mvuke ujae. Kwangu mimi, kifuniko kina umuhimu sawa na moto.

Ziada hiyo pia hugeuka majimaji kati ya punje na kuharakisha mshikamano. Ikibaki mipakani, ni kasoro.

Ukubwa wa chembe nao una siasa yake. Zikiwa ndogo sana, chini ya mikromita moja, mwitikio wa umeme hushuka. Zikizidi kukua, kipande huvunjika kirahisi. Metali ya niobi ikiongezwa kidogo huzuia zisikue ovyo.

Risasi ni sumu, kwa hiyo kisahani hicho usikisage wala kukichoma. Keramiki mbadala za potasiamu, sodiamu na niobi zinatafitiwa, lakini potasiamu na sodiamu nazo hutoroka tanurini.