Mkataba wa Nyumba ya Wazee Usomwe Kuanzia Nyuma

Wateja wengi wanaoniletea mimi wakili mkataba wa makao ya wazee hapa Nakuru, Kenya, huwa wameshalipa. Mtoto yuko Nairobi au Doha, mama anaishi peke yake Njoro na ameanguka bafuni mara mbili, makao yamepatikana upande wa Kiamunyi, deposti imetumwa kwa M-Pesa usiku wa Ijumaa. Jumatatu ndipo mtu anakumbuka kwamba kuna karatasi kumi na moja ambazo hakuna aliyezisoma. Siwalaumu. Kwetu kumpeleka mzazi makaoni bado kunanong'onwa kama kumtupa, na mwenye aibu hutia sahihi haraka ili jambo lipite.

Mimi mikataba hii huisoma kinyumenyume. Kurasa za mbele ni za maua: chumba chenye dirisha, milo mitatu, chai ya saa kumi, ibada ya Jumapili. Sijawahi kuletewa kesi ya chai. Kesi ziko nyuma, panapoelezwa mzee anatokaje: kwa hiari, kwa kuondolewa, kwa kulazwa hospitali, au kwa kufariki.

Hospitali ndiko wengi huumia. Tuseme ada ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na mama amelazwa wiki tatu. Kitanda chake makaoni kinaendelea kulipiwa? Ada yote au nusu? Na wana ruhusa ya kumpa mtu mwingine kitanda hicho baada ya siku ngapi? Mkataba ukinyamaza, mhasibu wao ndiye atakayejaza pengo. Huwa naomba yaandikwe mawili: ada ipunguzwe kwa siku ambazo hali chakula chao wala hahudumiwi nao, na kitanda kisiguswe kwa angalau siku thelathini.

Kifo hakuna anayetaka kukiulizia. Uliza tu. Nimewahi kuona kifungu kinachodai ada ya mwezi mzima hata mkazi akifariki tarehe mbili. Familia iko kwenye harambee ya mazishi, na huku bili inaingia kwenye simu. Iandikwe deposti inarudishwa ndani ya siku ngapi, kwa nani, na inaweza kukatwa kwa sababu zipi.

Halafu kuna kile kifungu cha "mkazi ambaye mahitaji yake yanazidi uwezo wa makao". Chenyewe si kibaya. Kuna wagonjwa ambao kweli hawawezi kuhudumiwa pale. Swali ni nani anayeamua, na mnapewa muda gani. Hili nilijifunza kwa shangazi yangu. Alipoanza kusahau na kuzunguka usiku, tulipigiwa simu Alhamisi: mje mumchukue Jumamosi. Mkataba ulisema "notisi ifaayo". Niliusoma mimi mwenyewe, wakili mzima, nikaliona neno hilo nikalipita. Siku hizi silipiti. Nadai idadi ya siku, na ripoti ya daktari asiyeajiriwa na makao.

Sasa sahihi, na hapa nitakaa kidogo. Kama mzee ana akili timamu, mkataba ni wake yeye. Kuwa mtoto wake hakukupi mamlaka ya kumtilia sahihi. Unahitaji hati ya uwakilishi aliyoitoa mwenyewe akijua anachofanya. Na hati hiyo ina udhaifu ambao wengi hugundua wamechelewa: mzee akipoteza uwezo wa kuamua, nguvu ya hati huisha, yaani siku ile hasa mnapoihitaji. Ikifika hapo, njia ni kwenda mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Akili ili ateuliwe mtu wa kusimamia mali na mambo yake. Kwa hiyo yazungumzeni mapema, angali anakumbuka namba ya shamba.

Tazama pia umeandikwaje chini ya ukurasa. "Mtu wa kuwasiliana naye" ni mtu wa kupigiwa simu. "Mdhamini" ni mtu wa kudaiwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka ahadi ya kulipa deni la mwingine iwe kwa maandishi na sahihi, na karatasi ile ndiyo maandishi yenyewe. Kifungua mimba anatia sahihi kwa niaba ya ndugu sita, wawili wanaacha kuchanga, deni lote linabaki mlangoni kwake. Ukikubali udhamini, uwekee kikomo cha fedha.

Ya bei nitayapitia haraka. Nepi, dawa, teksi ya kliniki na mtu wa kumsindikiza kwa kawaida haviko ndani ya ada, kwa hiyo taka orodha yenye bei. Ukiona "menejimenti inaweza kubadilisha ada wakati wowote", omba notisi ya miezi miwili. Mchango wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, nani anaulipa? Na kama mzee anapokea zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, usikubali kifungu kinachowapa makao haki ya kuzichukua bila idhini yake.

"Hatutawajibika kwa jeraha lolote" nakuta karibu kila mahali. Kifungu hicho huenda kisifunge mlango wa mahakama pale uzembe unapothibitishwa, ila kitawapotezea miezi ya kubishana, kwa hiyo kiombeeni kifutwe. Msaada upo: chini ya Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, maneno yenye utata katika mkataba kama huu husomwa kwa faida ya mtumiaji. Na deposti ikikwama, deni lisilozidi shilingi 1,000,000 linapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, Nakuru ipo na Kisumu ipo, bila kulazimika kumlipa wakili. Sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Najua najikatia riziki.

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu aliletwa ofisini na binti zake. Walitaka nisome, nao watie sahihi. Mzee akaniomba karatasi, akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Alisoma dakika arobaini na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Akafuta kifungu cha kwamba mkazi hatoki getini bila ruhusa ya jamaa yake. "Hili la kuomba ruhusa kwa mtoto niliyemfunza kusoma, hapana." Nilimwambia Katiba, kifungu cha 57, iko upande wake: wazee wana haki ya kuishi kwa heshima. Akasema alikuwa anajua. Meneja wa makao alikubali, wakatia herufi za majina yao kando ya mstari uliofutwa. Kisha mzee akafungua ukurasa wa mwisho, akatia sahihi mwenyewe.