Kuogopa daktari wa meno: maswali na majibu kwa watu wa Lamu

Amu, yaani mji wa Lamu, kuna manahodha wanaopita mlango wa bahari wa Mkanda usiku wakati wa kusi bila wasiwasi, lakini jino likiwauma hukaa nalo miezi wakitafuna upande mmoja. Kuna kina mama waliozaa watoto sita na hawataki hata kuisikia sauti ya ile mashine. Woga huu ni wa watu wengi, na una dawa. Haya ni maswali ambayo watu huulizana barazani, dukani kwa muuza dawa na kwenye mabenchi ya kungojea zahanati.

Mbona naogopa daktari wa meno, na madaktari wengine siwaogopi?

Sababu zako zina maana. Kwa daktari wa meno unalazwa chali, mdomo wazi, huwezi kusema, na mtu anafanya kazi mahali usipopaona. Kelele ya mashine unaisikia ndani ya kichwa. Wengine waliumizwa utotoni: waling'olewa jino kabla ganzi haijashika, au walishikwa mikono na miguu na watu wazima watatu. Mwili haukusahau. Wengine hawajaguswa hata siku moja, bali wamelelewa kwa hadithi za shangazi na za wajomba.

Kinachokuza woga zaidi ni kuchelewa. Jino lenye kitundu kidogo huzibwa kwa muda mfupi, mara nyingine hata bila sindano. Mwenye woga akilikwepa, kitundu hufika kwenye neva, usaha hujaa, na hapo matibabu huwa magumu na ya maumivu. Akitoka anasema, "Si niliwaambia?" Safari ijayo anachelewa zaidi. Ukitaka kuumaliza woga, enda wakati hakuna kinachouma.

Nitajuaje kama woga wangu umepita kiasi?

Madaktari wana kipimo chepesi cha maswali matano, kilichotolewa Uingereza mwaka 1995. Jiulize: ningehisi vipi kama kesho ningekwenda kwa daktari wa meno? Nikiwa kwenye benchi nangoja? Nikiwa karibu kuchongwa jino kwa mashine? Nikiwa karibu kusafishwa ukoga? Nikiwa karibu kudungwa sindano ya ganzi kwenye ufizi? Kila swali lipe alama 1 kama huna wasiwasi kabisa, hadi 5 kama una hofu kubwa mno. Ukijumlisha ukapata 19 au zaidi kati ya 25, woga wako ni mkubwa na unastahili kutibiwa wenyewe, kabla ya jino au pamoja nalo. Andika jumla yako kwenye karatasi umpe daktari. Ni rahisi kuliko kueleza kwa mdomo.

Sindano ya ganzi inauma kiasi gani? Na kwa nini mara nyingine haishiki?

Daktari mzuri hukausha ufizi, kisha hupaka jeli ya ganzi kwa pamba na kungoja dakika moja au mbili. Halafu unahisi kichomo, kisha ufizi unakaza kama unaojaa. Kinachouma zaidi ni dawa kusukumwa haraka. Ikiingia polepole, maumivu huwa madogo sana, kwa hivyo una haki ya kusema, "Daktari, polepole tafadhali." Baada ya hapo moyo unaweza kwenda mbio kidogo, kwa sababu ndani ya ganzi mara nyingi hutiwa adrenalini ili damu isiiondoe dawa upesi. Wengi hapo hudhani wanazimia au wanakufa. Hali hiyo hupita baada ya dakika chache.

Dawa inayotumika sana ni lignokeini. Kwa meno ya juu hushika ndani ya dakika chache. Kwa magego ya chini yaweza kuchukua hata dakika kumi, kwa kuwa pale huzimwa neva nzima ya taya. Dakika hizo zina thamani, usikubali zikatwe. Kabla kazi haijaanza, mwombe daktari ajaribu kwa kugusa ufizi kwa kitu chenye ncha. Ukihisi mguso bila makali, imeshika. Ukihisi makali, sema, aongeze.

Jua pia kwamba ganzi huzima maumivu, haizimi msukumo. Jino linapong'olewa utahisi likitikiswa huku na huku kwa nguvu, na pengine utasikia mlio karibu na sikio, kwa vile mfupa hupitisha sauti. Mtu asiyeambiwa hivyo mapema huruka kitini akidhani ganzi imeisha.

Kuhusu kutoshika: ufizi wenye uvimbe na usaha una asidi, na asidi hiyo huizuia dawa isiingie vizuri kwenye neva. Ndiyo maana aliyengoja mpaka shavu likafura huumia kuliko aliyekuja mapema. Daktari anaweza kudunga mahali pengine mbali na uvimbe, au kuutoa usaha kwanza na kulishughulikia jino baadaye.

Nijitayarishe vipi?

Usianze kwa kung'oa. Safari ya kwanza iwe ya kukaa kitini, kuonwa kwa kioo na kuuliza bei, basi. Mwambie tangu mlangoni kwamba leo hutaki kufanyiwa kitu. Safari ya pili, usafishwe. Ya tatu, uzibwe. Mwili hujifunza kwa kurudia kwamba kile kiti hakiui, na somo hilo haliingii kwa maneno peke yake.

Siku ya kwenda, kula kwanza, isipokuwa daktari amekwambia ufunge. Mwenye njaa hutetemeka na kuzimia upesi. Acha kahawa tungu asubuhi hiyo, na usitafune miraa wala muguka, kwani vyote hivyo huzidisha mapigo ya moyo, na moyo ukishakwenda mbio akili huamini kwamba pana hatari. Omba nafasi ya kwanza ya asubuhi, usikae ukisikiliza wenzio wakilia ndani.

Kabla hujafungua mdomo, wekeni ishara: nikiinua mkono wa kushoto, unasimama. Kisha mjaribu. Inua mkono wakati haumwi, uone kama kweli anasimama. Hili ndilo jambo moja ninalolishikilia kuliko mengine yote, maana woga mwingi ni wa kutokuwa na amri juu ya mdomo wako mwenyewe. Daktari anayekataa ishara hiyo, tafuta mwingine.

Ukiwa kitini, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Kutoa ndiko kunakotuliza, kwa hivyo kuwe kurefu. Wengine husikiliza kisomo kwa simu, wengine huleta uradi moyoni. Lolote linaloishika akili linafaa.

Nikiiona sindano tu naanguka. Nami je?

Hapa mambo ni tofauti. Presha yako hushuka ghafla ukiona sindano au damu, kwa hivyo kujilegeza peke yake hakutoshi na kwaweza hata kukuangusha upesi. Fanya kinyume: kaza mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde kumi hadi kumi na tano mpaka uso upate moto, legeza kwa nusu dakika, kisha rudia mara tano. Fanya mazoezi nyumbani wiki nzima kabla ya kwenda. Mwambie daktari akulaze kabisa kabla ya sindano, na usisimame kwa haraka ikiisha.

Naona haya. Meno yangu yameharibika kwa tambuu, na mimi ni mwanamke, sitaki kulazwa mbele ya mwanamume.

Meno yaliyooza ndiyo kazi ya daktari wa meno kila siku, na rangi ya tambuu haimshtui. Akikukaripia, amekosa adabu ya kazi yake. Kuhusu kulazwa, unaweza kuomba daktari wa kike ikiwa yupo, na kama hayupo, omba dada, mume au muuguzi wa kike akae nawe mpaka mwisho. Buibui na mtandio hubaki mahali pake, kwani kinachohitajika ni mdomo tu. Na kama unaweza, acha tambuu yenye tumbaku na popoo. Mbali na rangi, huleta saratani ya mdomo, na daktari anayekukagua kila mara anaweza kuona kidonda kibaya mapema.

Ni kweli gego la juu likitolewa macho hupofuka?

Si kweli. Neva ya kuonea na neva za meno ya juu ni tofauti kabisa.

Karafuu haitoshi?

Karafuu ina nguvu ya kweli. Ndani yake mna yujenoli, ambayo hutuliza neva, na madaktari wenyewe huichanganya na oksaidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Lakini haizuii kuoza. Maumivu yakitulia kwa karafuu, tumia nafasi hiyo kupanga safari ya hospitali. Mafuta yake matupu huunguza ufizi, kwa hivyo tone moja kwenye pamba latosha. Aspirini usiiweke juu ya ufizi kamwe, huacha kidonda. Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, kwa kupishanisha saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini amuulize daktari kwanza.

Mtoto wangu analia akisikia neno daktari.

Aliyemtia hofu mara nyingi ni sisi. "Ukikorofisha nitakupeleka ukadungwe sindano" ni maneno yanayokaa. Mpeleke mapema, jino la kwanza likitokea au kabla hajatimiza mwaka, hata kama ni kutazamwa tu akiwa pajani kwako. Akikua kidogo, daktari amwambie anachotaka kufanya, amwonyeshe kwenye kidole chake, ndipo afanye. Usimwambie "hutasikia chochote", kwa sababu akisikia hatakuamini tena. Mwambie, "Utasikia kama kufinywa kidogo, kisha kutalala." Kama wewe mwenyewe unatetemeka, mwache aende na shangazi asiyeogopa.

Na nyumbani, mabuyu ya rangi na kashata viliwe mara moja baada ya chakula, visiwe vya kumumunya kutwa. Kila mumunyo huwapa bakteria sukari ya kugeuza asidi. Mswaki wa mti ni mzuri, ila dawa ya meno yenye floraidi huongeza kinga ambayo mti peke yake hauna.

Natoka Kizingitini. Niking'olewa jino Amu naweza kurudi siku hiyohiyo?

Kwa kawaida ndiyo, lakini usikimbilie mashua na damu ingali inatoka. Uma pamba kwa nusu saa, daktari aone imesimama. Njiani usiteme mate kila mara, usivute sigara, na dafu usilinywe kwa mrija, kwani mvuto hulitoa lile bonge la damu linalofunika shimo. Chai ya moto ingoje mpaka mdomo uache kufa ganzi, muda wa saa mbili hadi nne, usije ukaungua bila kujua. Damu ikirudi, uma kitambaa safi kwa nusu saa bila kukiondoa kuchungulia. Kusukutua kwa maji ya chumvi kuanze kesho yake. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, rudi, kuna dawa ya kutia kwenye shimo.

Mwenye presha, sukari, ugonjwa wa moyo au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla ya kulala kitini. Mjamzito naye aseme. Mimba haizuii matibabu ya meno, na miezi ya nne hadi ya sita ndiyo ya raha zaidi.

Ramadhani nisubiri mpaka Idi?

Wengi husubiri, na jino halisubiri. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1997, liliamua kwamba kuchonga, kung'oa na kusafisha meno hakubatilishi saumu mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Shekhe wako atakueleza zaidi. Asiyetulia moyo aombe nafasi baada ya futari, au angoje ikiwa jambo si la haraka. Maumivu makali na uvimbe ni ugonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake.

Hakuna dawa ya kunilaza nisijue kitu?

Ipo, ila si kila mahali. Kuna gesi ya kutuliza inayovutwa kwa pua: hulali, unalegea tu, na ikifungwa akili hurudi baada ya dakika chache. Kuna vidonge vya kutuliza, ambavyo hutolewa na daktari tu, na lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Usingizi kamili ni wa hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kwa woga mkubwa, mazungumzo na mwanasaikolojia pamoja na zile safari ndogondogo huleta faida inayodumu zaidi, kwa sababu dawa ya kulaza inakupitisha siku moja na woga unaukuta palepale.

Shavu limevimba tangu jana, na bado naogopa. Ningoje?

Usingoje. Uvimbe ukishuka chini ya taya au ukipanda kwenye jicho, ukishindwa kufungua mdomo, kumeza mate au kupumua vizuri, au homa ikipanda, usaha umeanza kusambaa na unaweza kuziba njia ya hewa. Nenda usiku huohuo kituo cha afya kilicho karibu, kiwe Faza, Mpeketoni au Amu, na uwaambie mambo mawili: uvimbe ulianza lini, na kwamba unaogopa. Wakikupa rufaa ya kuvuka, vuka.