Kuitwa Mbwa Si Ushahidi: Dhana Potofu Kuhusu Taswira za Asili

Mtihani wa utamilifu ukikaribia, vijana wa tuisheni hapa Sinza huniletea insha ile ile kwa miandiko tofauti: "Shylock ni mkatili, ndiyo maana Antonio anamfananisha na mbwa mwitu." Hao ni wahusika wa Mabepari wa Venisi: Shylock ni Myahudi mkopesha fedha, Antonio ni mfanyabiashara Mkristo. Notsi za kudurufu zinazozunguka mjini zinasema hivyo hivyo, na nimechoka kuisahihisha kwa mmoja mmoja.

Dhana yenyewe ni kwamba taswira ya mnyama, mti au bahari inamweleza yule anayelinganishwa. Si kweli. Kwanza inamweleza anayelinganisha: anaogopa nini, amezoea kudharau nini, hukumu gani amekuja nayo mfukoni. Kuhusu mlengwa, taswira peke yake haithibitishi chochote. Ukichukua tusi ukalifanya ushahidi wa kosa, hujachambua. Umemsaidia mtukanaji kutukana.

Fungua Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, ufuate mpangilio wa matukio. Mapema kabisa, Antonio anapokuja kukopa dukati 3,000 (sarafu za dhahabu za enzi hizo), Shylock anamkumbusha kuwa pale Rialto, soko la wafanyabiashara wa Venisi, alimwita mbwa na kumtemea mate kwenye joho lake. Je, mbwa ana fedha za kukopesha? Antonio hakatai. Anajibu kwamba huenda akamwita hivyo tena, na kumtemea tena. Sasa angalieni: wakati huo mkataba wa ratili ya nyama, kwamba Antonio asipolipa kwa wakati Shylock amkate nyama ya mwili wake, haujatajwa. Hakuna kisu, hakuna mahakama. Mbwa ametangulia, ukatili umefuata. Shylock mwenyewe analisema baadaye, Antonio akiwa ameshakamatwa kwa kushindwa kulipa: uliniita mbwa kabla hujawa na sababu, basi kwa kuwa ni mbwa, jihadhari na meno yangu. Mwandishi ametupa jibu waziwazi na bado watu wanaandika "kwa sababu ya ukatili wake".

Mahakamani ndiko kwenye nyama ya hoja. Antonio anawaambia wenzake waache kubishana na Myahudi huyu. Ni sawa, anasema, na kusimama ufukweni ukayaamuru maji yasijae, au kumuuliza mbwa mwitu kwa nini amemliza kondoo akimlilia mwanawe, au kuikataza misonobari ya mlimani isivume kwenye upepo. Wanafunzi wangu wanaovuka na kivuko kutoka Kigamboni wanajua kwamba maji ya bamvua hayana nia mbaya wala njema, yanafuata mwezi. Ndiyo kazi ya taswira zote tatu. Zinamtoa mtu kwenye kundi la wenye sababu na kumweka kwenye vitu visivyoulizwa sababu. Lakini Shylock anazo sababu, na mojawapo ni mate ya Antonio! Akishafanywa bahari, hakuna tena haja ya kuuliza nani alianza kumtemea nani. Ubaguzi wa Antonio umejificha hapo, kwenye utulivu wa maneno yale, kuliko hata kwenye tusi la mbwa. Neno kali kila mtu analiona.

Kisha, katika onyesho lile lile, anajiita kondoo mgonjwa wa kundi anayefaa kufa, tunda dhaifu linalotangulia kuanguka. Mwenzake mbwa mwitu, yeye kondoo. Kijana anayeziweka taswira hizi mbili kwenye aya moja namsamehe hata makosa ya tahajia.

Kwa hiyo, kabla hujaandika neno sitiari, chukua penseli uandike pembeni mwa ukurasa: nani kasema, kamsema nani, na nini kilikuwa hakijatokea bado. Nalazimisha hili hadi wananikwepa. Sijali.

Dhana nyingine ni kwamba anayebaguliwa hawezi kubagua. Shylock huyo huyo anamlinganisha Antonio na panya ndani ya nyumba, na kuuliza kwani kuna ubaya gani akipenda kulipa dukati 10,000 panya apewe sumu. Okot p'Bitek naye, katika utenzi wake Song of Lawino wa 1966, amemweka Lawino akitukanwa na mumewe yeye na watu wake, nasi tunamwonea huruma, kwa haki. Halafu Lawino anamgeukia Clementine, mwanamke wa kisasa anayependwa na mumewe: midomo myekundu kama kaa la moto, kama paka mwitu aliyechovya mdomo kwenye damu. Mwenyewe anakiri ana wivu kidogo. Ukiandika tu "Lawino anatetea mila" umemruka paka mwitu mzima.

Orodha za "simba ni ushujaa, nyoka ni hila, mto ni uhai" tupa. Katika Mabepari wa Venisi kondoo wa kisa cha Biblia cha Yakobo na Labani, kinywani mwa Shylock, ni faida. Kinywani mwa Antonio kondoo ni kafara. Tamthilia moja, mnyama mmoja. Orodha yako itasemaje?

Wapo pia wanaodhani taswira nzuri haihusiani na ubaguzi. Katika tamthilia hiyo hiyo, mwana wa mfalme wa Morocco anafika kumposa Portia, binti tajiri ambaye wachumba wake hujaribiwa kwa kuchagua moja kati ya makasha matatu, na, kabla hajaulizwa lolote, anaomba asichukiwe kwa rangi yake, kwani ni vazi alilopewa na jua. Taswira nzuri mno. Inatuambia amekwisha kutazamwa vibaya mara nyingi hadi anatangulia kujitetea. Portia anamjibu kwa adabu. Morocco akishachagua kasha lisilo lake na kuondoka, Portia anaomba wote wa rangi hiyo wachague vivyo hivyo.

Mwisho, lile la "mhusika kasema, basi mwandishi ndivyo anavyoamini". Hapa wanafunzi wa kidato cha sita hunitajia Chinua Achebe na mhadhara wake wa 1975 Marekani, alipomshambulia mwandishi Joseph Conrad kwa ubaguzi katika riwaya yake Heart of Darkness, inayosimuliwa na mhusika Marlow. Wamsome vizuri. Achebe hakuchukua sentensi ya Marlow akambandika Conrad. Alitafuta ndani ya kitabu mtazamo mwingine ambao ungetuwezesha kumpima Marlow, akadai Conrad hakuuweka, na shtaka lake likasimama juu ya kukosekana huko. Kwa Shakespeare mtazamo wa pili upo, kwa sababu Shylock anajibu. Kama unatosha kumwondolea Shakespeare lawama, hilo wasomi bado wanabishania, nawe bishana; ila anza kwa kunukuu jibu la Shylock, si tusi la Antonio.