Ushoroba wa mizigo: serikali na sekta binafsi hukutana wapi?

Kontena la vitenge likishushwa bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali, lina takriban kilomita 1,500 mbele yake. Litapita mikononi mwa bandari, forodha na wakala wa mizigo, lipandishwe kwenye semi, lipimwe uzito Vigwaza na mizani nyingine zinazofuata, kisha livuke mpaka Rusumo. Safari hiyo yote ndiyo ushoroba: gati, reli, barabara, mizani na mpaka, pamoja na sheria na karatasi zinazodaiwa kila hatua. Watu wengi wakisikia ushoroba hufikiria lami. Lakini mwenye mali huhesabu siku, na siku nyingi humpotelea mzigo ukiwa umesimama.

Ukiangalia nani anashika nini, utaona kwa nini serikali haiwezi kupanga peke yake. Gati na mizani ni za umma, forodha ni ya umma. Malori, mawakala wa forodha, maghala na bandari kavu nyingi (yadi za makontena zilizo nje ya bandari) ni za watu binafsi. Serikali ikijenga gati jipya bila kuwauliza wenye malori, mzigo utashuka haraka na kulala yadi ukisubiri gari, huku tozo za kuhifadhi zikipanda.

Kwa hiyo ubia wa serikali na sekta binafsi huanza mezani kabla ya mkataba wowote wa uwekezaji. Wakala wa Uwezeshaji wa Uchukuzi wa Ushoroba wa Kati, yaani ushoroba huu wa Dar es Salaam, ulioundwa kwa makubaliano ya mwaka 2006 kati ya Tanzania, Rwanda, Burundi, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, una kamati ya wadau ambamo sekta binafsi ina viti. Kule Ushoroba wa Kaskazini, unaoanzia Mombasa, mwaka 2014 taasisi za umma na wafanyabiashara walitia saini hati ya pamoja ya bandari ya Mombasa, kila mmoja akiahidi kazi yake na muda wa kuitimiza. Mambo ya namna hii hayapigiwi picha magazetini, lakini ndiyo yanayofichua kwamba tatizo huenda ni fomu moja tu inayojazwa mara mbili.

Rusumo ni mfano mzuri. Zamani lori lilikaguliwa upande wa Tanzania, likavuka daraja, likakaguliwa tena upande wa Rwanda. Mwaka 2016 daraja jipya na kituo cha huduma za pamoja vilizinduliwa. Sasa gari linaloingia Rwanda linasimama upande wa Rwanda tu, na maofisa wa nchi zote mbili wako hapo hapo. Lami ya kutoka Dar haikuongezwa hata mita moja, na bado safari ya dereva ilipungua.

Kuna ubia wa aina ya pili, huu wa mkataba: mwekezaji anapewa gati au reli aiendeshe kwa miaka kadhaa, analeta mitambo na utaalamu, anakusanya tozo na kuilipa serikali sehemu yake. Mali inabaki ya umma. Swali kubwa hapa ni nani anabeba hasara mzigo usipofika, na jibu linapaswa kuandikwa kabla ya saini.

Tanzania ililipa ada ya somo hilo kwenye reli. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya Kampuni ya Reli, TRL, kwa mkataba wa miaka 25. Haikufika miaka mitano. Wafanyakazi waligoma, mabehewa na injini za kukodi zikazua malalamiko, serikali ikarudisha hisa zake. Kenya na Uganda nazo zilikodisha reli kwa Rift Valley Railways mwaka 2006, pia kwa miaka 25, na mwaka 2017 mkataba ukavunjika. Reli chakavu ilikabidhiwa kwa mtu aliyetarajiwa kuifufua kwa mapato ya reli hiyo hiyo chakavu. Hesabu hiyo ilikuwa ngumu tangu mwanzo.

Bandarini mambo huwa tofauti, maana pesa inaingia mapema na eneo la kutunza ni dogo. Mkataba wa DP World, kampuni ya Dubai, wa kuendesha baadhi ya magati ya Dar es Salaam ulitiwa saini Oktoba 2023 kwa miaka 30, baada ya mjadala mkali bungeni na mitaani uliohoji, pamoja na mengine, ukomo wa makubaliano. Mimi naona mjadala ule ulisaidia: muda ukaandikwa wazi.

Ila hapo ndipo kupanga ushoroba kama kitu kimoja kunapokuwa kugumu. Wawekezaji hupenda gati na hukwepa reli yenye kilomita zaidi ya 2,000 za kukarabati. Gati likichapuka reli ikabaki nyuma, makontena yote yanahamia barabara ya Morogoro, na foleni iliyoondolewa Kurasini, karibu na bandari, inaanza kujipanga kwenye mizani ya Vigwaza.