Uingereza na Ujerumani katika ulinzi: yanayosemwa na yaliyopo

Kila Uingereza na Ujerumani zinapotia saini jambo la ulinzi, mazungumzo yetu huangukia maneno yale yale: mahasimu wa jana wanakumbatiana, wote ni mkia wa Marekani, na sisi yanatuhusu nini. Nayachukua moja moja, kwa sababu mengine yana chembe ya ukweli na ile chembe ndiyo inayopoteza watu.

"Hawa ni maadui wa jadi, urafiki wao umeanza juzi"

Najua dhana hii inatoka wapi. Sisi tuliosoma historia Afrika Mashariki, mataifa haya mawili tuliyakuta yakipigana Tanga, Novemba 1914, kisha kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akikimbizwa na Waingereza hadi Msumbiji huku wapagazi wetu wakiteketea kwa njaa na maradhi. Uchungu ule ni wa haki. Lakini pwani hii hii iliwaona wakishirikiana kabla ya kuwaona wakipigana. Desemba 1888, wakati wa vita vya Abushiri, manowari za Uingereza na za Ujerumani ziliufunga mwambao kwa pamoja, hoja yao ikiwa ni kuzuia biashara ya watumwa na silaha. Mwaka 1890 wakakaa mezani: Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, kisiwa cha Heligoland kikaenda Ujerumani, na wenyeji wa bara wakasikia mipaka yao imeshachorwa.

Baada ya 1945 askari wa Uingereza waliingia Ujerumani wakiwa washindi wanaoikalia nchi. Miaka kumi baadaye Ujerumani Magharibi ilijiunga na NATO, na askari wale wale wakawa wanailinda. Wengi wao walikwisha kurudi kwao kufikia 2020, ila si wote. Pale Minden, kando ya mto Weser, kuna kikosi cha wahandisi wa kijeshi ambacho ni cha nchi zote mbili. Chombo chao kinaitwa M3: barabarani ni gari kubwa la magurudumu manne, likifika ukingoni linakunjua maboya yake ya pembeni na kuingia majini. Yakiunganishwa kadhaa yanakuwa pantoni au daraja, na kifaru kinapita juu yake. Aliyewahi kusubiri pantoni ya Kigamboni ataelewa mara moja kwa nini jeshi lisilo na njia ya kuvuka mto halifiki popote. Kazi hiyo huwezi kuigawana na mtu usiyemwamini.

"Mkataba wa Kensington umechukua nafasi ya NATO"

Haukuchukua. Tarehe 17 Julai 2025, Waziri Mkuu wa Uingereza Keir Starmer na Kansela wa Ujerumani Friedrich Merz walitia saini mkataba huo wa urafiki na ushirikiano kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Ndani yake nchi hizo zinasema tishio kubwa la kimkakati kwa mmoja ni tishio kwa mwenzake, na kwamba zitasaidiana, hata kijeshi, mmoja akishambuliwa. Hayo yamewekwa juu ya msingi wa NATO ambao haukuguswa. Wala Uingereza haikuipa Ujerumani bomu la nyuklia, kama baadhi ya watu wanavyosambaza. Ujerumani ilithibitisha kwa maandishi kwamba haitamiliki silaha hizo, katika mkataba wa 1990 uliofungua njia ya kuungana kwake.

Kabla ya huo kulikuwa na makubaliano ya Trinity House ya Oktoba 2024 kati ya mawaziri wa ulinzi, John Healey na Boris Pistorius. Humo mliwekwa mpango wa ndege za doria za Ujerumani aina ya P-8 kufanya kazi kutoka kambi ya Lossiemouth, Uskoti, zikisaka nyambizi kaskazini mwa Atlantiki. Kwangu mimi ndege hizo zina uzito kuliko picha za viongozi wakipeana mikono.

"Marekani ikisema, wote wawili wanafuata"

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Turudi 2003. Machi mwaka ule Uingereza iliingia Iraq pamoja na Marekani, na Ujerumani ikakataa katakata. Ulikuwa mpasuko mkubwa. Hata hivyo, tarehe 21 Oktoba mwaka ule ule, mawaziri wa mambo ya nje Jack Straw wa Uingereza na Joschka Fischer wa Ujerumani walikuwa Tehran pamoja na Dominique de Villepin wa Ufaransa, wakizungumza na Wairani kuhusu nyuklia. Miezi saba tu! Nchi tatu zilizogawanyika juu ya vita moja ziliamua kwamba nyingine isianze. Safari ile ndiyo iliyozaa utaratibu wa nchi tatu unaoendelea hadi leo, na ukafika kwenye makubaliano ya Vienna ya Julai 2015 kuhusu nyuklia ya Iran.

Mei 2018 Marekani ilijitoa. London, Berlin na Paris zilibaki ndani, na Januari 2019 zikaunda chombo cha malipo kilichoitwa INSTEX ili biashara halali na Iran isikatike. Kilifanya kazi kidogo mno, kikafungwa 2023, tusikisifu kisichostahili. Agosti 2025 nchi hizo tatu ndizo zilizoanzisha utaratibu wa kurudisha vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Iran, na mwishoni mwa Septemba vikarudi. Unaweza kuupinga uamuzi huo, lakini ulikuwa wao.

Na wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani kila mara. Ndege ya kivita Typhoon inatengenezwa na nchi nne, kwa hiyo Ujerumani inaweza kuizuia Uingereza kuuza. Kwa miaka iliikwamisha biashara ya ndege hizo na Saudi Arabia, hadi ilipolegeza Januari 2024. Kuhusu Ukraine, Uingereza ilitoa makombora ya Storm Shadow mwaka 2023, ilhali Kansela wa Ujerumani, Olaf Scholz, alikataa kutoa makombora ya Taurus hadi alipoondoka madarakani.

"Usalama ni vifaru na makombora"

Julai 2024 kifurushi kilishika moto kwenye kituo cha DHL cha Leipzig, na siku chache baadaye kingine kikawaka Birmingham. Vyote vilitumwa kutoka Lithuania. Cha Leipzig kililipuka kikiwa bado ardhini. Kingewaka angani, ndege ya mizigo ingekuwa hatarini. Wachunguzi wa Ulaya wameelekeza kidole kwa ujasusi wa kijeshi wa Urusi, ambayo inakanusha. Tishio la namna hii halikomeshwi na kifaru. Linahitaji polisi wa mji mmoja kumpigia simu mwenzake wa mji mwingine siku hiyo hiyo, na amwambie yote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mlinzi wa ubalozi wa Uingereza mjini Berlin, raia wa Uingereza, aliyekuwa akiwapa Warusi siri. Wapelelezi wa nchi zote mbili walimfuatilia, polisi wa Ujerumani wakamkamata Agosti 2021, na mahakama ya London ikamfunga miaka 13 na miezi miwili mwaka 2023.

Hata hivyo Brexit, yaani kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, imeacha mwanya, na wanaosema imeharibu kitu hawajakosea. Polisi wa Uingereza hawana tena mfumo wa pamoja wa taarifa za wanaosakwa Ulaya, na Ujerumani haipeleki raia wake kushtakiwa Uingereza, kwa kuwa katiba yake haiiruhusu.

"Sisi haituhusu"

Mwulize hakimu wa Mombasa. Operesheni Atalanta ya Umoja wa Ulaya dhidi ya maharamia wa Somalia ilianza Desemba 2008, makao yake makuu yakiwa Northwood, karibu na London, chini ya afisa Mwingereza. Machi 2009 manowari ya Ujerumani, Rheinland-Pfalz, iliwakamata watu tisa baada ya meli ya MV Courier kushambuliwa Ghuba ya Aden. Hawakupelekwa Berlin wala London. Siku chache kabla ya kukabidhiwa, Umoja wa Ulaya na Kenya walikuwa wamebadilishana barua za makubaliano, kama Uingereza ilivyokwisha kufanya Desemba, na tisa hao wakashushwa Mombasa. Mzigo wa kesi, wakalimani, mahabusu na mawakili ukawa wetu. Novemba 2010 Mahakama Kuu pale pale Mombasa ikaamua kwamba Kenya haina mamlaka juu ya kosa lililotendwa nje ya maji yake. Ilichukua hadi Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa kuutengua uamuzi huo, na muda wote huo watu tisa waliokamatwa na Wajerumani, katika operesheni iliyoongozwa kutoka Uingereza, walikuwa wakingoja jibu la majaji wa Kenya.