Sedani ya spoti iliyotumika au mpya ya starehe: yanayosemwa kwenye bondi za Kampala na ukweli wake

Shemeji yangu alinipigia simu akiwa kwenye bondi moja ya magari, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa nje, upande wa Nakawa. Mbele yake ilisimama Mercedes C-Class ya mwaka 2015, nyeusi, viti vya ngozi, ile yenye vazi la AMG, sura ya spoti ya Mercedes, na rimu za inchi 19. Mfukoni alikuwa na karatasi ya bei ya Corolla mpya kutoka kwa wakala, ambayo ingemlazimu kuongeza mkopo. Anafanya kazi katikati ya Kampala, nyumba yake iko Matugga, nje kidogo ya lami, na kila Desemba hupeleka familia Arua, mbali kaskazini-magharibi. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshamaliza kunieleza kwa nini Mercedes ndiyo sahihi. Sababu zake zote nilishazisikia kwa watu wengine, na nyingi si kweli. Nyingine ni kweli nusu, na hizo ndizo zinazowaponza watu.

"Spoti ni injini tu. Ukiendesha taratibu, gari litakuwa laini kama mengine."

Hii ndiyo dhana inayoumiza mifuko kuliko zote. Spoti ya gari la kisasa haikai kwenye injini peke yake. Inakaa kwenye springi fupi na ngumu, shoki zilizokazwa, na zaidi ya yote kwenye matairi. Hata ukitembea kilomita 20 kwa saa, springi ni zilezile na tairi ni lilelile.

Inama usome namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. C-Class ile ilikuwa na 225/40 R19 mbele na 255/35 R19 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu wa tairi, ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu: asilimia 40 ya 225 ni milimita 90, na asilimia 35 ya 255 ni milimita 89. Corolla yenye 205/55 R16 ina ubavu wa karibu milimita 113. Tofauti ni zaidi ya sentimita mbili za mpira na hewa, na hizo ndizo zinazosimama kati ya rimu yako na ukingo wa shimo. Ukiingia shimoni usiku, mvua inanyesha na huoni chini, ubavu mfupi unabanwa mpaka mwisho: tairi linavimba upande au rimu inapinda. Kisha usukani unaanza kutetemeka, na unaambiwa ukapime alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, wakati tatizo ni rimu.

Nani asiyezijua barabara zetu? Aprili 2023 wakazi wa Kampala, wakihamasishwa na mchoraji katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo, walijaza mitandao kwa picha za mashimo ya mitaa yao. Ilikuwa ni maonyesho ya mashimo ya jiji zima. Gari unalolichagua litapita humo kila asubuhi.

Kuna na jambo la tairi la akiba. BMW nyingi za miaka ile hutoka kiwandani na matairi ya ranifleti na buti lisilo na spea. Ni teknolojia nzuri: tairi likitoboka bado unaweza kwenda kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Ujerumani hizo zinakufikisha gereji. Ukiwa Karuma, njiani kwenda Arua, zinaweza kukufikisha kwenye mji ambao hauna tairi la namba yako, na hapo unalisubiri lije na basi kutoka Kampala.

"Ukitaka la kifahari lililotumika, lazima uchukue la spoti."

Hapana. Magari mengi ya kifahari yalitengenezwa kwa tabia mbili chini ya jina moja. Toyota Crown ni mfano mzuri kwa sababu tunaziona. Athlete ni ya wapenda usukani: imekazwa, na nyingi zimevaa rimu za inchi 18. Royal Saloon ni ya kubebea watu kwa utulivu, na nyingi zina matairi ya 215/60 R16, yaani ubavu wa milimita 129. Kwenye picha zinafanana sana. Kwenye matuta ya barabara ya Gulu ni magari mawili tofauti. Hata C-Class ya umri uleule bila vazi la AMG huja na 225/50 R17 au inchi 16. Dalali hatakuambia, kwa sababu wateja wengi wanaulizia rimu kubwa. Ndiyo maana nasisitiza: usichague kati ya jipya na lililotumika kabla hujachagua kati ya gumu na laini.

"Bei niliyotajiwa bondi ndiyo bei."

Bondi ni ghala la forodha. Mara nyingi gari hukaa pale kwa sababu ushuru wake haujalipwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama bei inajumuisha ushuru au la. Kwa kila shilingi 100 za thamani ya gari hadi bandarini, hesabu 25 za ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 18 inayokokotolewa juu ya jumla hiyo ya 125, yaani 22.5, kisha asilimia 6 ya kodi ya zuio na 1.5 ya miundombinu. Hapo umefika kwenye 55 angalau. Gari likiwa kuukuu linaongezewa tozo ya mazingira ambayo jipya halilipi. Tena URA, mamlaka ya mapato, hawalazimiki kufuata risiti yako ya Japani. Wana orodha yao ya thamani za magari. Na tangu 2018 sheria inazuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa.

Upande wa pili wa hesabu ni mkopo, ambao wapenzi wa jipya huusahau. Tuseme umekopa milioni 40 kwa riba ya asilimia 20. Mwaka wa kwanza tu riba inakaribia milioni 8. Fedha hizo zingenunua shoki, bushi na matairi manne ya lile lililotumika, na zikabaki.

"Limetembea kilomita 60,000 tu, hilo ni kama jipya."

Kwanza, je, ni kweli? Saa ya kilomita inarudishwa nyuma kwa kompyuta ndogo na dakika chache. Gari lililopita mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada yenye alama: 4 au 4.5 ni zuri, na herufi R maana yake liligongwa likatengenezwa. Karatasi hiyo hubeba pia kilomita za siku ile. Muulize muuzaji, na akisema imepotea, punguza imani yako kwake. Kisha tazama vitu visivyodanganywa kwa kompyuta: mpira wa pedeli ya breki, ngozi ya usukani, bega la kiti cha dereva, na tarakimu nne kwenye tairi zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Pili, hata kama ni kweli, kilomita chache si afya. Kilomita 60,000 kwa miaka minane ni 7,500 kwa mwaka. Hilo mara nyingi ni gari la safari fupi kwenye foleni za mjini, injini inazimwa kabla haijapata moto vizuri. Injini imefanya kazi saa nyingi kuliko kilomita zinavyoonyesha. Na mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka. Bushi, vishikio vya injini na mabomba ya maji vinakauka gari likiwa limesimama, na kwenye magari ya Kijerumani vifaa vingi vya mfumo wa kupoza ni vya plastiki inayovunjika kwa uzee.

Yapo na magonjwa ya injini fulani ambayo kilomita chache hazikukingi nayo. Injini ya BMW iitwayo N20, iliyomo kwenye 320i na 328i nyingi kuanzia karibu 2012 hadi mwanzoni mwa 2015, inajulikana kwa vibao vya plastiki vya cheni ya taimingi vinavyosagika. Kwenye C-Class ya kabla ya 2014, injini ya M271 inajulikana kwa cheni na meno yake kulika. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, uwashe mwenyewe, usikilize sekunde tano za mwanzo. Mlio kama wa kokoto kwenye kopo usiupuuze. Ukikuta gari limeshapashwa moto kabla hujafika, rudi kesho yake.

"Mafuta ya giaboksi ni ya maisha, hayabadilishwi."

Hili linatoka kwa watengenezaji wenyewe, kwa hiyo watu wanaliamini. Lakini ZF, kampuni iliyotengeneza giaboksi ya gia nane iliyomo kwenye BMW nyingi, yenyewe inashauri mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Joto na foleni zetu zinanifanya niamini namba ya chini. Uliza risiti. Ikiwa hakuna aliyewahi kubadilisha, weka gharama hiyo kwenye bei.

"Jipya halina gharama miaka mitatu."

Waranti ya kawaida ya magari mapya ni miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Inafunika kasoro za kiwandani. Haifunikii pedi za breki, matairi, wala shoki iliyouawa na shimo. Kioo cha pembeni kikichomolewa kwenye foleni, hiyo ni kazi ya bima, na bima ya mtu wa tatu haitakusaidia. Ukitengeneza kwa fundi wa mtaani au kuruka huduma za wakala, unampa sababu ya kukukatalia dai. Hata hivyo sitaki kulidharau: unajua historia yake yote kwa sababu historia hiyo ni yako. Kwa mtu asiye na fundi anayemwamini, hilo lina thamani kubwa kuliko ngozi ya viti.

"Spea za Mercedes na BMW hazipatikani Uganda."

Zinapatikana, na soko la Kisekka utazikuta zimepangwa. Ugumu ni kujua ulichouziwa: kipya halisi, kipya cha kuiga, au kilichotolewa kwenye gari jingine. Andika namba ya chesesi, mwachie fundi atafute namba ya kifaa kwanza, ndipo uende sokoni. Kilicho adimu zaidi kuliko spea ni fundi mwenye mashine ya kusoma makosa na uvumilivu wa kutafuta chanzo. Anayebadilisha kifaa baada ya kifaa mpaka taa izime atakumaliza. Mtafute fundi kabla ya gari.

"La Uingereza ni imara kuliko la Japani."

Uingereza humwaga chumvi barabarani majira ya baridi, na chumvi hula chuma. Liinue kwa jeki utazame chini. Kumbuka pia kwamba dashibodi yao inasoma maili: 90,000 pale ni karibu kilomita 145,000. La Japani nalo lina lake dogo. Redio zao za FM huanzia 76 na nyingi hukomea 90, kwa hiyo CBS ya 88.8 utaipata na Capital ya 91.3 hutaipata mpaka ufunge kifaa cha kuongeza masafa.

Nilimwambia shemeji ukweli wangu: kwa njia ya Matugga na Arua, ningechukua gari laini, na kama si Corolla mpya basi Crown Royal yenye karatasi ya mnada. La spoti ningempa mtu anayeishi na kufanya kazi kwenye lami nzuri, mwenye gari jingine la safari, na mwenye akiba pembeni isiyoguswa. Nikamwomba jambo moja: asilijaribie gari lile kwenye lami ya Lugogo, aombe kulipeleka hadi getini kwake na kurudi, na mke wake akae nyuma.

Muuzaji alikubali baada ya kushika amana. Walipofika Matugga dada yangu alishuka akasema mgongo wake haukai humo mpaka Arua. Shemeji alilinunua hata hivyo, kwa sababu alilipenda, na kulipenda gari ni sababu halali mradi uijue bei yake. Wiki ya sita akapinda rimu ya nyuma. Sasa amehamia rimu za inchi 18 zenye 225/45, baada ya fundi kuhakikisha zinapita juu ya breki. Mbele ameongeza milimita 11 za ubavu, unene wa kidole kidogo, na anasema tofauti anaisikia kila tuta. Desemba iliyopita Mercedes ilibaki Matugga chini ya turubai, na familia ikaenda Arua kwa basi.